Rottweiler au German Shepherd: yupi anafaa nyumba yenye watoto na watu wanaoshinda kazini?

Ukuta_Mfupi
Wakuu, salaam. Mada hii imeguswa sana lakini huishia kwenye ushabiki. Naomba tuijadili kwa hali halisi. Ua ni mita 12 kwa 15, ukuta wa mita 1.5. Watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Watu wazima wawili, nyumba inabaki tupu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri siku za kazi. Hakuna aliyewahi kufuga mbwa mkubwa. Anatakiwa mbwa wa kulinda ambaye mgeni akikaribishwa anatulia. "Chukua huyu, huyu ndiye mkali" sio jibu.

Kamba_Ndefu
Mkuu, kabla ya mbegu angalia kazi waliyozaliwa kuifanya, maana ndiyo utakayoiona uani kwako kila siku.

German Shepherd ni mbwa wa kuchunga kondoo. Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi wa Kijerumani, alianza kuijenga mbegu hii rasmi mwaka 1899 kwa kuchagua mbwa wa kuzunguka kundi kutwa bila kuchoka. Kwa hiyo jicho lake halitulii: anafuatilia kila kinachosogea, na anajisikia vibaya wakitawanyika aliokabidhiwa. Rottweiler alitokea kwenye biashara ya ng'ombe kuzunguka mji wa Rottweil, Ujerumani. Aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Nguvu nyingi kwa muda mfupi, anasukuma kwa kifua, halafu analala chini na kuangalia.

Tafsiri yake nyumbani: German Shepherd mzima anahitaji saa 1.5 hadi 2 za shughuli kwa siku, na nusu yake iwe ya kutumia kichwa (kunusa, kutafuta vitu vilivyofichwa, utii). Rottweiler mzima saa 1 hadi 1.5 zinamtosha. German Shepherd akikosa kazi huanza kuzunguka kandokando ya ukuta kwa njia ileile mpaka nyasi zinakufa, hubwekea hata kivuli, wengine hukimbiza mkia wao wenyewe. Rottweiler akikosa kazi hanyamazi tu, hunenepa, halafu huanza kujipangia mambo: kulinda bakuli, kochi, mlango. Kwa mtu anayeanza, hilo la pili ndilo gumu zaidi kulirudisha nyuma.

Vipimo vya kiwango cha FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa): German Shepherd dume sm 60–65 na kilo 30–40, jike sm 55–60 na kilo 22–32. Rottweiler dume sm 61–68 na takriban kilo 50, jike sm 56–63 na takriban kilo 42. Urefu wao karibu unalingana. Tofauti ipo kwenye uzito, na uzito ndio utakaoushika mkononi kila unaposhika kamba.

Bandani
Naunga mkono hoja, na niongeze la kelele. German Shepherd hubweka kwanza kisha ndiyo anauliza. Rottweiler wengi hunyamaza wakitazama, wakibweka ujue kuna jambo. Kama majirani wako karibu ukuta kwa ukuta, hilo peke yake linaweza kuamua.

Manyoya nayo: German Shepherd hupukutika mwaka mzima, halafu mara mbili kwa mwaka hufurika. Chanuo la meno marefu la kutoa manyoya ya ndani, mara tatu kwa wiki. Usimnyoe hata kukiwa na joto, manyoya ya tabaka mbili ndiyo yanayomkinga na jua. Rottweiler mara moja kwa wiki kwa brashi ya mpira, ila ute wa midomo utaufuta kwenye magoti ya suruali.

Chui_wa_Zege
Mnazunguka tu. German Shepherd ni rahisi kufundisha, mwisho wa mjadala. Ndiyo maana polisi wanamtumia.

Kamba_Ndefu
@Chui_wa_Zege polisi wanatumia koo za kazi, na hao ndio hasa wasiofaa hapa. Ukisema German Shepherd umetaja wanyama wawili. Koo za maonyesho ni watulivu kiasi, wengi weusi na wekundu, baadhi wana mgongo ulioteremka sana nyuma. Koo za kazi wana mgongo ulionyooka, rangi ya majivu au nyeusi, na hamu ya kung'ata kitu na kukibeba haizimi. Mtu akimchukua wa pili kwa kuwa "nyonga zao ni nzuri", halafu amwache peke yake saa 8, atakuta mlango umetafunwa. Anajifunza haraka kweli, na mabaya anayajifunza kwa kasi hiyohiyo. Kengele ya mlango ikilia mara kumi na mara kumi akaruhusiwa kuukimbilia akibweka, ya kumi na moja hukumfundisha wewe.

Rottweiler naye alikubaliwa rasmi kuwa mbwa wa polisi Ujerumani mwaka 1910, kwa hiyo hoja ya polisi haitenganishi kitu.

Nyonga_na_Viwiko
Tuje kwenye afya, ambako watu huumia mfukoni na moyoni.

Wote wawili wana tatizo la nyonga na viwiko kukua vibaya. Kwa utaratibu wa FCI nyonga hupewa herufi A hadi E, viwiko namba 0 hadi 3. Taka wazazi WOTE wawili wawe na nyonga A au B na viwiko 0. Picha rasmi hazipigwi kabla ya mwaka mmoja wa umri, kwa hiyo mama wa miezi 11 "aliyepimwa" hajapimwa. Karatasi ya ukoo inasema nani alimzaa nani, habari za nyonga hazimo mpaka ziandikwe.

German Shepherd ana mengine ya kwake. Kuna kupooza kwa taratibu kwa miguu ya nyuma, huanza mara nyingi baada ya miaka 8, bila maumivu: kucha za nyuma zinaburuzwa na kuisha upande wa juu. Jeni yake, SOD1, hupimwa. Kuna kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya: mbwa anakula kama hajala wiki nzima na bado anakonda, kinyesi kingi, laini, chenye mafuta. Hapo watu humwaga dawa za minyoo mwezi baada ya mwezi. Kipimo cha damu kiitwacho TLI kinatoa jibu, na tiba ni unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo maisha yote.

Rottweiler: saratani ya mifupa ndiyo inayotisha. Mbwa mzima akichechemea zaidi ya wiki mbili na mfupa umevimba karibu na bega, kifundo cha mguu wa mbele au goti, piga eksirei, usiendelee na vidonge vya maumivu. Kuna mshipa mkuu wa moyo kuwa mwembamba pale unapoanzia, kwa hiyo wazazi wasikilizwe moyo na daktari anayeujua. Ligamenti ya goti hukatika, hasa kwa wanene. Kuna pia ugonjwa wa kurithi, JLPP: kuanzia kama miezi mitatu sauti inakauka, pumzi inakoroma, miguu ya nyuma inalegea. Hauna tiba. Mzazi mmoja tu akiwa safi kwa kipimo cha jeni, hakuna mtoto atakayeugua.

Umri: German Shepherd kwa kawaida miaka 9–13, Rottweiler 8–10. Mtoto wa miaka 4 atamzika Rottweiler akiwa bado shule. Jambo la kulifikiria.

Ukuta_Mfupi
Asante daktari. Kuhasi je? Na hiyo ya tumbo kujaa gesi ipo kwa yupi?

Nyonga_na_Viwiko
Kuhasi: usiharakishe. Utafiti wa 2002 kwa Rottweiler ulionyesha waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata saratani ya mifupa zaidi. Kwa German Shepherd, kuhasi kabla ya mwaka kumehusishwa na matatizo ya viungo. Miezi 18–24 ni busara kwa wote, mradi jike akiwa kwenye joto (siku za kutaka dume) afungiwe kwelikweli. Jike ambaye hatazalishwa asiachwe bila kufungwa kizazi hadi uzeeni, mfuko wa uzazi huweza kujaa usaha.

Tumbo: wote, kwa sababu vifua vyao ni virefu kwenda chini. Gesi inajaa, tumbo linajisokota, damu inakatika. Dalili: anajaribu kutapika hakitoki kitu au linatoka povu, hatulii, ubavu wa kushoto unakaza kama ngoma, ute mwingi. Huyo hangojei asubuhi, ni upasuaji ndani ya saa chache. Kujikinga: milo miwili kwa siku maisha yote, bakuli lisilomruhusu kumeza haraka, bakuli likae chini na sio kwenye stendi, na saa moja kabla na baada ya kula hakuna mbio. Siku ya kumfunga kizazi jike, daktari anaweza kushona tumbo kwenye ukuta wa ndani lisijisokote. Ombeni hilo mapema, halifanywi usipoomba.

Gramu_kwa_Gramu
Kwenye chakula wengi hudhani Rottweiler anakula mara mbili ya German Shepherd. Piga hesabu: kilo za mbwa zipandishe kwenye kipeo cha 0.75, zidisha kwa 70, hizo ni kalori za kupumzika. German Shepherd wa kilo 35 mwenye shughuli, zidisha tena kwa 1.6: karibu kalori 1,610. Rottweiler wa kilo 48 anayetembea kawaida, zidisha kwa 1.4: karibu 1,790. Kwa chakula kikavu chenye kalori 3,600 kwa kilo, huyo ni gramu 450 na yule gramu 500. Tofauti ni konzi moja. Mkimpa Rottweiler kilo nzima kwa kuwa "ni mkubwa", mnampa mzigo wa kubeba kwa magoti.

Mtoto wa mbwa ndiye wa kuangalia sana. Tumia chakula cha watoto wa mbegu KUBWA, kalsiamu iwe karibu asilimia 0.8–1.2 na isizidi 1.8. Usiongeze unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu juu yake. Kilebu hana uwezo wa kukataa kalsiamu ya ziada tumboni, yote inaingia, na mifupa inakua vibaya. Masikio ya German Shepherd yakianguka anapong'oa meno, miezi 4 hadi 6, hiyo si sababu ya kumpa kalsiamu. Mwache.

Milo minne hadi miezi mitatu, mitatu hadi sita, kisha miwili. Kila wiki weka viganja kwenye mbavu zake: uzihisi kama unavyohisi mifupa ya nyuma ya kiganja chako ukikikunjua. Ukizihisi kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ukizitafuta, punguza asilimia 10 ya chakula leo.

Mwamba_wa_Kusini
Dozi ya kupe na upele ni ile sindano ya ng'ombe tu, nusu mili, rahisi na inamaliza kila kitu.

Nyonga_na_Viwiko
@Mwamba_wa_Kusini tafadhali, mtu asifanye hivyo. Sindano hiyo ya ng'ombe ni ivermectin, na ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kwa mbwa, kipimo chake cha kukinga minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 kwa kilo, yaani mbwa wa kilo 30 anahitaji mikrogramu 180. Nusu mili ni mikrogramu 5,000. Baadhi ya German Shepherd wana jeni ya MDR1 iliyoharibika na dawa hiyo inapenya mpaka kwenye ubongo: mboni zinapanuka, anatetemeka, anayumba, anazimia. Huwezi kumjua kwa macho.

Kupe wadhibitiwe kila mwezi kwa dawa ya mbwa iliyopimwa kwa uzito. German Shepherd hasa, maana ehrlichia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe wa kahawia, humpiga vibaya kuliko mbwa wengi: homa, fizi kupauka, damu puani. Rottweiler naye hatari yake ni parvo (virusi vya kutapika na kuhara damu) utotoni. Chanjo ianze wiki 6–8, irudiwe kila wiki 2–4, ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16. Kwenye maeneo yenye parvo nyingi, Rottweiler apewe nyingine wiki ya 18–20.

Mlango_wa_Nyuma
Jamani na watoto? Mnaongelea mifupa, mwenzetu ana mtoto wa miaka 4.

Kamba_Ndefu
Dada upo sahihi. Kwa mtoto anayekimbia na kupiga kelele, German Shepherd mdogo huchunga: anamkimbilia na kumchapa meno kwenye kisigino au pindo la nguo. Sio ukali, ila ngozi ya miaka 4 haijui tofauti. Rottweiler yeye anaegemea na kusukuma kwa nyonga, mtoto anaanguka kwenye sakafu. Mbwa na mtoto huyo wasiachwe peke yao hata dakika ya kwenda kupokea simu. Geti dogo la mlangoni kati yao linasaidia kuliko maonyo.

Kuzuia kulinda bakuli, na kwa Rottweiler anza wiki ya kwanza: mbwa anakula, pita umbali wa hatua mbili, tupia kipande kitamu zaidi ya kilichomo, endelea na safari. Mara kumi kwa siku. Baada ya siku chache atainua kichwa ukija, akitegemea. Hapo pita hatua moja. Kitu kilichomo mdomoni, badilishana: onyesha kipande puani, akiachia sema "acha", mpe, kisha mrudishie kile chake kama si hatari. Kinachoharibu ni ile desturi ya kuingiza mkono bakulini "azoee". Anazoea kwamba mkono unaokuja unaiba. Watoto wasishiriki zoezi hili.

Kamba: kola pana au mkanda wa kifua wenye pete mbele, kamba ya mita 2. Ikikazika, simama. Ikilegea, tembea. Siku za mwanzo mtakwenda mita 20 kwa dakika kumi, ndivyo inavyotakiwa. Kilebu wa kilo 12 akiruhusiwa kuvuta, ndiye huyohuyo wa kilo 50 mwakani.

Bandani
Na asifungiwe bandani mchana kisha kufunguliwa usiku tu. Mbwa wa hivyo anamwogopa kila mtu asiyemjua, na mbwa mwoga wa kilo 45 hachagui kati ya mwizi na shangazi. Dirisha la kuzoea ulimwengu ni wiki 3 hadi 14 hivi. Kabla chanjo hazijakamilika mbebe mkononi: pikipiki, miavuli, wazee wenye fimbo, watoto wa shule. Aone, apate kipande, mrudi. Usimshushe pale wanapopita mbwa usiowajua.

Ukuta_Mfupi
Basi mnanishauri yupi?

Kamba_Ndefu
Kwa saa hizo, kilebu wa mbegu yoyote kati ya hizi hapana, labda mtu awepo mchana miezi minne ya kwanza. Kilebu wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa 3 hivi. Wewe unamwachia 8.

Mkimpata mtu wa kuja mchana, jike wa Rottweiler wa wazazi watulivu. Dume la kwanza maishani lisiwe Rottweiler. Kama mmoja wenu anapenda kutembea na kufundisha kila siku, si kwa maneno, basi German Shepherd wa koo za maonyesho. Na kuna njia ya tatu ambayo watu huiruka: mbwa mzima wa miaka 2 hivi, aliyekwisha ishi na watoto. Tabia imekomaa, nyonga zinapigwa picha kabla hujalipa, unanunua unachokiona. Mtembelee mara tatu, moja iwe na watoto, moja bila kumtaarifu mwenye mbwa.

Chui_wa_Zege
Mbwa mzima hamtii mwenye nyumba mpya.

Bandani
Anatii. Mpe wiki mbili za utulivu bila wageni, ratiba moja, mtu mmoja wa kumlisha kwanza, kamba hata ndani ya ua. Mbegu zote mbili huambatana na mtu upesi. Wengi wanaoshindwa huwa wamefanya sherehe ya kumkaribisha siku ya kwanza.

Mlango_wa_Nyuma
Wawili je, wa uzao mmoja, wapeane kampani?

Kamba_Ndefu
Hapana. Wanashikamana wao kwa wao na kukusahau, na jinsia moja wakifika miaka miwili wanaweza kugombana hadi damu. Wa pili aje wa kwanza akiwa na miaka 2, jinsia tofauti.

Angalia sheria za unakoishi pia. Ufaransa, Rottweiler yuko kundi la pili la mbwa wanaodhibitiwa. Ireland kwa kanuni za 1998 wote wawili hufungwa mdomo na kamba hadharani. Mwenye nyumba ya kupanga na kampuni ya bima nao wana orodha zao. Uliza kabla.

Ukuta_Mfupi
Nimeelewa. Ukuta wa 1.5 hautoshi?

Bandani
Kwa Rottweiler unakaribia kutosha. German Shepherd ataupanda kwa miguu ya mbele akijivuta. Fikisha mita 1.8, sm 30 za mwisho ziwe waya wa wavu ulioinamishwa ndani nyuzi 45. Chini ya geti pasizidi sm 8 za uwazi, na pale udongo ni laini fukia wavu sm 40 kwenda chini. Geti liwe na komeo linalofungwa kwa pini, la kuinua wanalijua kwa pua. Kivuli cha mchana kutwa upande wa magharibi, maji vyombo viwili. Rottweiler ni mweusi na mzito, kwenye joto hupata taabu haraka: akihema kwa ulimi mpana uliopinda na fizi nyekundu kama nyama, mwagie maji ya kawaida mwili mzima na umpepee KWANZA, ndipo apelekwe kwa daktari. Joto la kawaida ni 38–39.2, acha kumwagia likishuka 39.5.

Ukuta_Mfupi
Nikienda kumwona huyo mzima, nipime nini hapohapo?

Nyonga_na_Viwiko
Mtazame akiinuka kutoka kulala: miguu yote minne kwa pamoja, au anajivuta kwa ya mbele? Atembee kwa mwendo wa wastani kwenye sakafu ngumu, sikiliza kucha za nyuma kama zinakwaruza. Fizi zibonyeze kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Umbali wa hatua tano, angusha funguo: kushtuka ni sawa, angalia anachukua muda gani kurudi kuzinusa. Akirudi ndani ya sekunde kumi, endelea na mazungumzo. Akibaki nyuma ya mwenye mbwa akinguruma, shukuru na uondoke. Omba kitabu cha chanjo na majibu ya nyonga, na namba ya daktari aliyezipiga picha, umpigie wewe mwenyewe.